Dai la Kenbi: serikali mbili, rasi moja, miaka 37

Rasi ya Cox iko ng'ambo ya bandari ya Darwin, kaskazini mwa Australia. Kwa boti unavuka maji na muda si mrefu uko Mandorah; kwa gari unazunguka ghuba na vijito vyake, zaidi ya kilomita 120. Wenyeji wa asili wa rasi hii ni Walarrakia, ambao nchi yao inajumuisha pia ardhi ambayo mji wa Darwin umejengwa juu yake. Ndani ya rasi kuna kijiji cha Belyuen, zamani kikiitwa Delissaville. Hapo wanaishi pia familia nyingi za Waaborijini ambao mababu zao walihamia kutoka pwani ya upande wa mto Daly.

Tarehe 20 Machi 1979 Baraza la Ardhi la Kaskazini, chombo cha kisheria kinachowawakilisha Waaborijini katika mambo ya ardhi, liliwasilisha dai la ardhi hiyo, linaloitwa dai la Kenbi, kwa niaba ya wamiliki wa jadi. Hati zilikabidhiwa tarehe 21 Juni 2016. Anayetazama kwa mbali atasema kesi za ardhi huchelewa kila mahali. Kwa Kenbi jibu hilo halitoshi, maana tunaweza kuonyesha muda ulipotelea wapi na kwa uamuzi wa nani. Takriban miaka kumi ya kwanza ilikwisha kabla shauri lenyewe, yaani nani mwenye ardhi, halijaanza kusikilizwa. Miaka hiyo yote ilikwenda kwenye mvutano wa serikali mbili, ya shirikisho na ya Northern Territory, kuhusu mpaka uliochorwa kwenye karatasi.

Sheria ilivyofanya kazi, na mlango uliobaki wazi

Australia ni shirikisho. Ardhi ya serikali ndani ya majimbo ni mali ya majimbo, na Bunge la shirikisho haliigusi kirahisi. Northern Territory, eneo la kaskazini ambalo mji wake mkuu ni Darwin, haikuwa jimbo. Kifungu cha 122 cha Katiba kinalipa Bunge la shirikisho mamlaka mapana juu ya maeneo ya namna hiyo, na ndiyo sababu Sheria ya Haki za Ardhi za Waaborijini ya 1976 ilihusu Northern Territory peke yake. Msingi wake ni tume ya Jaji Edward Woodward ya 1973 na 1974. Serikali ya Gough Whitlam ilianza kuiandaa, ikaangushwa, na serikali ya Malcolm Fraser ikaipitisha. Ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1977.

Sheria iligawa ardhi mafungu mawili makubwa. Hifadhi za zamani za Waaborijini, kama Arnhem Land, ziliorodheshwa kwenye jedwali na kutolewa bila kudaiwa. Ardhi ya serikali ambayo hakuna mtu mwingine mwenye haki juu yake ilibidi idaiwe, na njia yake ni hii. Baraza la Ardhi linaandaa kitabu cha dai: nasaba za familia, ramani ya mahali patakatifu, maelezo ya nani anawajibika kwa mahali gani. Kamishna wa Ardhi, ambaye ni jaji, anasikiliza ushahidi, mara nyingi kwenye ardhi yenyewe. Yapo mambo ya kimila ambayo wanawake hawayasemi mbele ya wanaume, na kinyume chake, na kwa hayo panafanyika kikao cha faragha. Kamishna anaandika ripoti: kama wamiliki wa jadi wapo, ni kina nani, na nani mwingine ataumia ardhi ikitolewa. Waziri wa shirikisho akiridhika anampendekezea Gavana Mkuu. Ardhi inakabidhiwa Amana ya Ardhi inayoishika kwa niaba ya wamiliki, kwa hati ya kudumu isiyoweza kuuzwa. Gharama za mabaraza hutoka kwenye mfuko wa shirikisho unaopata fedha zinazolingana na mrabaha wa madini kwenye ardhi za Waaborijini, kwa hiyo serikali ya Northern Territory haikuweza kulinyima Baraza pesa ya wakili.

Mlango uliobaki wazi ulikuwa mdogo. Ardhi iliyo ndani ya mji haidaiwi. Hilo lenyewe linaeleweka, kwani hakuna aliyetaka viwanja vya watu katikati ya Darwin viingie kwenye shauri. Lakini waandishi wa sheria ya shirikisho hawakusema wenyewe mji ni nini. Walisema maana yake itakuwa ile iliyomo kwenye sheria za mipango miji za Northern Territory.

Mwaka 1976 hilo halikuwa na hatari. Northern Territory ilikuwa ikiendeshwa kutoka Canberra, makao ya serikali ya shirikisho, na mkono uliotunga sheria ndio ulioshika pia ramani za miji. Tarehe 1 Julai 1978 mambo yakabadilika. Northern Territory ikapata serikali yake yenye Baraza la Mawaziri na Waziri Kiongozi, cheo ambacho Wazanzibari walikuwa nacho hadi 2010. Waziri Kiongozi wa kwanza alikuwa Paul Everingham. Mipango miji ikawa mikononi mwake, na haki za ardhi za Waaborijini zikabaki Canberra. Serikali mpya ililichukia hilo tangu siku ya kwanza: ilipewa nchi kubwa kuliko Ufaransa na Hispania zikiunganishwa, huku sehemu pana ya nchi hiyo ikiweza kudaiwa kwa sheria ambayo serikali hiyo haikuweza kuibadilisha.

Darwin inatanuliwa

Mwishoni mwa 1978 serikali ya Northern Territory ilitoa kanuni za mipango miji zilizotanua mipaka ya Darwin. Mji ambao sehemu yake iliyojengwa ilikuwa ndogo, na ambao kimbunga Tracy kiliuvunja Desemba 1974, ukawa kwenye karatasi na ukubwa wa kilomita za mraba 4,350. Hiyo ni karibu mara tatu ya London kubwa nzima, kwa mji ambao wakazi wake hawakufika laki moja. Rasi ya Cox ikawa ndani. Dai lilipowasilishwa Machi 1979, jibu la serikali lilikuwa tayari: hii ni ardhi ya mji, Kamishna hana mamlaka nayo.

Hoja yao haikukosa kabisa mshiko. Darwin imebanwa na bahari, na mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba siku moja itakua kuelekea ng'ambo. Lakini ukubwa wenyewe ulikuwa ushahidi. Hakuna mpango wa barabara, maji au makazi uliohitaji kilomita za mraba 4,350.

Mwaka 1978 jimbo la Queensland nalo lilifanya jambo la aina hiyohiyo kwa njia nyingine. Serikali ya Joh Bjelke-Petersen ilitaka kuchukua uendeshaji wa vijiji vya Aurukun na Kisiwa cha Mornington kutoka kwa kanisa. Wakazi wakapinga, na Canberra ikapitisha sheria ya kuziwezesha jamii zinazoishi kwenye hifadhi za Queensland zijiendeshe. Queensland ikajibu kwa kufuta hadhi ya hifadhi kwenye maeneo hayo mawili. Sheria ya shirikisho ilishika hifadhi. Hifadhi haikuwepo tena. Sheria ikabaki haina cha kushika. Mwisho wake ulikuwa maafikiano yaliyoyageuza maeneo hayo kuwa serikali za mitaa chini ya Queensland, na baada ya miezi michache tu mabaraza yao yaliyochaguliwa yakavunjwa.

Visa hivi viwili vinafaa kusomwa pamoja. Hakuna serikali ya chini iliyosema waziwazi kwamba haitii sheria ya shirikisho. Kila moja ilibadilisha aina ya ardhi ambayo sheria hiyo ilikuwa imeiegemea. Lakini Fraser alikuwa na uwezo wa kisheria kwa Northern Territory ambao hakuwa nao kwa Queensland. Bunge lake lingeweza kuandika upya maana ya mji kwa aya moja. Kwa Kenbi haikufanyika hivyo kwa wakati. Suala liliachiwa mahakama, na wadai ndio waliobeba mzigo wa kusubiri.

Ushirikiano nao ulikuwapo wakati huohuo, na bila kuutaja kisa hakieleweki. Sheria ya 1976, kifungu cha 73, iliiachia Northern Territory itunge sheria za kukamilisha: ulinzi wa mahali patakatifu, vibali vya kuingia kwenye ardhi za Waaborijini, na kufunga bahari hadi kilomita 2 kutoka ufukweni. Northern Territory ilizitunga. Maofisa walewale walioshirikiana kuhusu vibali walipingana kuhusu mipaka. Inatokea hivi kwa sababu vibali vinagusa ardhi ambayo tayari imekwisha kutolewa, na mipaka inaamua ni kiasi gani kitatolewa.

Mahakamani

Kamishna wa kwanza alikuwa Jaji John Toohey. Baraza la Ardhi lilimwomba achunguze kama kanuni zile zilitungwa kwa ajili ya mipango miji au kwa ajili ya kuzuia dai. Toohey aliona mikono yake imefungwa. Kanuni zilitungwa na Msimamizi wa Northern Territory, ambaye ni kama gavana, na msimamo wa sheria wa siku hizo ulikuwa kwamba dhamira ya mwakilishi wa Malkia haichunguzwi na mahakama.

Baraza likaenda Mahakama Kuu ya Australia, ambayo huko ndiyo ya mwisho. Desemba 1981 mahakama hiyo ikaamua kwamba madaraka aliyopewa Msimamizi na sheria yana mpaka wake: yametolewa kwa ajili ya mipango miji, na yakitumika kwa kusudi lisilohusiana na mipango miji, kanuni ni batili. Kamishna anaweza kuchunguza, na alipaswa kuchunguza. Uamuzi huu hadi leo unafundishwa katika vyuo vya sheria vya Australia, na wengi wanaousoma wanakumbuka kanuni ya Kikatiba wakiwasahau watu wa Belyuen waliouleta.

Kuruhusiwa kuchunguza dhamira ni jambo moja, kuithibitisha ni lingine. Dhamira ya serikali haimo kwenye gazeti la serikali. Imo kwenye mafaili, dokezo za maofisa na ushauri wa wanasheria. Baraza liliomba nyaraka hizo. Serikali ikadai ni siri ya wakili na mteja wake. Safari nyingine ya Mahakama Kuu, na mwaka 1985, katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Northern Territory dhidi ya Kamishna Kearney, majaji wakasema kinga hiyo hailindi mawasiliano yaliyofanywa ili kuendeleza matumizi mabaya ya madaraka ya kisheria. Anayesimamia dai la aina hii popote aone mpangilio huu: kwanza haki ya kuuliza, kisha haki ya kuona karatasi, ndipo hoja yenyewe. Kila hatua ilikula miaka, na serikali iliyotaka kuchelewesha ilihitaji tu kukata rufaa kila mara.

Hatimaye hoja ya mji ilianguka, na ushahidi kuhusu umiliki ukaanza kusikilizwa mwaka 1989 mbele ya Jaji Howard Olney.

Nani mmiliki

Hapa ndipo hasara ya miaka kumi ilipoonekana. Sheria inataka kikundi cha ukoo wa mahali: watu wenye uhusiano wa kiroho wa pamoja na mahali fulani, uhusiano unaowapa wajibu wa kwanza juu ya mahali hapo na ardhi yake, na wenye haki kwa mila kutafuta chakula kwenye ardhi hiyo. Ni tafsiri iliyokatwa kwa kipimo cha jamii za mbali, zenye koo zisizovurugwa sana. Walarrakia walikuwa wameishi zaidi ya karne moja na mji mkuu juu ya ardhi yao. Familia zilitawanywa, watoto walichukuliwa, watu walihamishwa. Waliobaki wakijua nyimbo, njia na majina ya mahali walikuwa wachache na wazee. Wengine waliokuwa wakizitunza sehemu hizo kwa miongo kadhaa walikuwa watu wa Belyuen wasio Walarrakia kwa kuzaliwa. Kwa hiyo yaliletwa madai yanayopandana: Walarrakia kwa ujumla, kikundi kidogo ndani yao, na jamii ya Belyuen.

Mwaka 1991 Olney aliripoti kwamba hakuna kikundi kilichotimiza tafsiri hiyo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Shirikisho ikaitengua ripoti yake kwa makosa ya kisheria, na kazi ikaanza upya. Jaji Peter Gray alisikiliza kuanzia 1995 hadi 1999. Ripoti yake ya Desemba 2000 ilipata wamiliki wa jadi, lakini sita tu. Alipendekeza ardhi itolewe, akizingatia kwamba Walarrakia wengine na watu wa Belyuen, idadi kubwa zaidi sana, nao wangenufaika.

Watu sita. Kisheria wanatosha kabisa. Kijamii, jibu hilo liliacha kidonda, na baadhi ya familia za Walarrakia zilipinga makubaliano hadi siku za mwisho kwa sababu hazikutambuliwa kuwa wenyewe. Nawalaumu watunga sheria zaidi kuliko jaji. Sheria inapodai ukoo uwe na umbo fulani, na serikali ikachelewesha usikilizaji kwa muongo mzima huku wenye kumbukumbu wakifa, hesabu ya waliobaki itakuwa ndogo.

Ulinganisho na upande wa pili wa bandari unaonyesha kwamba hata jibu hilo lilikuwa na thamani. Walarrakia walidai pia haki za asili juu ya ardhi ya Darwin kwa sheria nyingine, ile ya 1993 iliyotokana na shauri la Mabo, ambamo Mahakama Kuu ilitambua haki za asili za ardhi. Mwaka 2006 Mahakama ya Shirikisho ilikataa, ikisema ufuataji wa mila haukuendelea bila kukatika. Watu walewale, bandari ileile. Sheria ya 1976 haiulizi kama mila imeendelea bila kukatika tangu Waingereza wafike. Inauliza nani anawajibika sasa. Nayo haipokei madai mapya tangu Juni 1997, kwa kikomo kilichoingizwa na Bunge la shirikisho lenyewe.

Makubaliano yalivyopatikana

Baada ya ripoti ya Gray, kilichobaki kisheria kilikuwa saini ya waziri. Ilichukua zaidi ya miaka 15. Chama cha Everingham, kilichokuwa kimeitawala Northern Territory tangu 1978, kilishindwa uchaguzi Agosti 2001, na serikali mpya ya Clare Martin ikaacha desturi ya kupigana kila dai hadi mwisho. Mwaka 2009 Baraza la Ardhi na serikali ya Northern Territory wakafikia makubaliano ya msingi.

Dai lilipokwama tena, kizuizi kilikuwa shirikisho. Kwenye rasi kulikuwa na maeneo ya serikali ya shirikisho, ikiwemo mitambo ya kurushia matangazo ya Radio Australia, na ardhi yake ilikuwa na asbesto, dawa za wadudu na kemikali za transfoma. Serikali iliyojenga jina lake kama mtetezi wa haki za ardhi ilikuwa imechafua sehemu ya ardhi iliyodaiwa, na ilibidi ikubali kugharimia usafishaji.

Makubaliano ya mwisho yalimpa kila upande kitu cha kupeleka kwa watu wake. Eneo lote lilikuwa takriban hekta 65,000. Hekta 52,000 zikawa ardhi ya Waaborijini chini ya sheria ya 1976, isiyouzika. Hekta 13,000 zilitolewa kwa hati ya kawaida ya Northern Territory, zikiwa bado mikononi mwa Walarrakia lakini chini ya sheria za ardhi na mipango za kawaida, ili ziweze kuendelezwa. Hoja ya 1978, kwamba Darwin itahitaji nafasi ng'ambo, ilijibiwa kwa hekta hizo 13,000. Ingeweza kujibiwa hivyo mezani mwaka 1979.

Jambo la pili lilikuwa uvuvi. Mwaka 2008, katika shauri la Blue Mud Bay, Mahakama Kuu ilisema hati za ardhi za Waaborijini zinazofika hadi mstari wa maji kupwa zinahusu pia maji yanayojaa na kupwa juu ya sehemu hiyo, yaani karibu asilimia 80 ya pwani ya Northern Territory. Wavuvi wa burudani wa Darwin, ambao kura zao ni nyingi, wakaingiwa na hofu. Kenbi iliruhusu umma kuvua kwenye maji ya ufukwe bila kibali, isipokuwa mahali palipotengwa kwa sababu za kimila. Bila kipengele hicho sidhani kama serikali yoyote ya Darwin ingesaini, na iliyosaini ilikuwa ya chama kilekile cha Everingham, wakati huo chini ya Adam Giles. Waziri wa shirikisho Nigel Scullion alitangaza Aprili 2016, na miezi miwili baadaye Waziri Mkuu Malcolm Turnbull akakabidhi hati kwenye rasi. Wengi waliokuwapo 1979 walikuwa wamekufa.

Kinachofuata kwenye hekta 52,000

Hati ya Amana ya Ardhi haimpi mmiliki uhuru wa kukodisha anavyotaka. Kifungu cha 19 kina utaratibu wake. Mwombaji, awe mfanyabiashara wa utalii au idara ya serikali, anapeleka pendekezo kwa Baraza la Ardhi. Baraza linaitisha mikutano, linaeleza masharti, linahakikisha wamiliki wa jadi wameelewa na kukubali kama kikundi, linazishauri jamii nyingine zinazoguswa, na linapima kama masharti ni ya haki. Ndipo linaielekeza Amana isaini. Mkataba wa zaidi ya miaka 40 unahitaji pia idhini ya waziri wa shirikisho.

Kwa Kenbi mambo mawili yanahitaji uangalizi. Kundi la wenye kukubali ni dogo, kwa hiyo kifo au ugomvi wa ndugu wawili unaweza kusimamisha mradi. Na wanaopaswa kushauriwa ni wengi, kwa hiyo mashauriano yakifanywa juujuu yatarudi kama pingamizi mahakamani. Barabara, nguzo za umeme, shule na zahanati ya Belyuen ziko chini ya serikali ya Northern Territory na serikali za mitaa, ardhi inayozizunguka iko chini ya sheria ya shirikisho. Kila bomba jipya linagusa mamlaka hizo mbili, na atakayelichimbia itambidi ashughulike na pande zote mbili, na ni busara apate pia cheti cha mamlaka ya mahali patakatifu kabla ya koleo la kwanza.